Diski Zilizobadilishana Majina

Kwa mambo ya kompyuta, msomaji, umefika kwa mwenyewe. Kompyuta naijua nje na ndani. Zaidi nje, maana huko ndiko kwenye vumbi. Ndani niliwahi kuchungulia mara moja nikafukuzwa. Lakini kisa hiki hakikuanzishwa na mtu wa kujua ndani. Kilianzishwa na mtu wa ndoo na tambara, naye ni msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Kiherehere.

Kila Jumamosi asubuhi Kiherehere alikuwa na kazi katika studio ya picha ya shangazi yake. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la buluu. Mbele ya pazia kulikuwa na kigoda cha kukalia mpigwa picha, kioo chenye ufa, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Nyuma ya pazia palikuwa na meza ya kompyuta, printa, na msokoto wa waya ambao Shangazi aliuita "utumbo". Kazi za Kiherehere zilikuwa kufagia, kupiga deki, kufuta kioo, na kutogusa utumbo. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

"Deki inakomea hapo miguu ya meza inapoanzia," Shangazi alikuwa akimwambia kila wiki, kidole kikielekea chini. "Huko ndani waya zimeshajuana zenyewe. Ziache. Ukikaa bila kuzigusa mpaka shule zifunge, nitakufundisha kushika kamera."

Kamera! Kiherehere alikuwa akiilala na kuiamkia. Usiku aliota anawaambia watu wazima wainue kidevu, nao wanainua.

Siku ya kisa hiki Shangazi alivuka barabara kununua karatasi za picha. Kiherehere akabaki na ndoo, tambara na uhuru. Akamwaga maji kwa ukarimu. Maji nayo hayakuwa yamesikia habari ya miguu ya meza. Yakapita chini ya pazia, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibao kilicholala chini ya kompyuta. Juu ya kibao kulikuwa na visanduku viwili vyeusi, vimefanana kama mapacha waliovalishwa sare. Hizo ndizo diski za Shangazi. Moja ilitunza picha za wateja. Ya pili ilitunza nakala za akiba, endapo ya kwanza itakufa.

"Mama yangu!" Kiherehere akaingia chini ya meza kwa magoti, akavinyakua visanduku vyote viwili kwa mpigo. Waya zake zikachomoka nyuma ya kompyuta, pwa, pwa. Bahati ni kwamba kompyuta ilikuwa haijawashwa. Akakausha sakafu, akakausha kibao, akavifuta visanduku mpaka vikang'aa, akavirudisha mahali pake. Akabaki na waya mbili mkononi na matundu mawili mbele yake. Waya zinafanana, matundu yanafanana. Akachomeka hii hapa, ile pale. Zikaingia bila ubishi, naye akajipongeza kwa kazi safi.

Shangazi aliporudi, alisimama kwenye pazia akanusa. "Huku nyuma pana harufu ya sabuni."

"Nimefuta kidogo, Shangazi."

"Hukugusa waya?"

"Sikugusa."

Uongo ulimtoka mwepesi kama chafya. Hata yeye mwenyewe alishangaa ulivyoruka bila kuombwa. Lakini Shangazi aliridhika, akawasha kompyuta, na kompyuta ikaamka vizuri kabisa, ikiimba wimbo wake wa kila siku. Kiherehere akashusha pumzi. Aliona mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Pazia lilifunguliwa kwa kishindo akaingia binamu yake, binti mkubwa wa Shangazi, ambaye nyumbani walimwita Malkia kwa sababu ya muda aliotumia mbele ya kioo. Malkia alikuwa darasa la mtihani. Juzi na jana mama yake alikwenda shuleni na kamera, akawapiga picha wanafunzi wote wa darasa hilo kwa ajili ya kadi za kuingilia mtihani.

"Mama, mwalimu mkuu anazitaka picha zetu leo kabla ya saa sita. Anasema orodha ya majina inafungwa leo, na asiye na picha jina lake linakatwa. Lakini kwanza nionyeshe yangu. Kama nimefumba macho, usiipeleke."

"Hukufumba macho. Uliyatoa kama chura." Shangazi akakaa, akafungua folda iliyoandikwa *Picha*. Akashuka. Akashuka zaidi. Akafika mwisho. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ya mtoto mchanga asiye na meno, analia, aliyeletwa na bibi yake zaidi ya wiki moja nyuma.

"Mimi niko wapi?" Malkia akauliza.

"Si umesimama hapo."

"Kwenye kompyuta, mama!"

Shangazi akapanda juu, akashuka chini, akafunga, akafungua tena. Darasa zima la mtihani halikuwepo. Si Malkia na nywele zake zilizotengenezwa kwa saa mbili, si kiranja, si yule mvulana mrefu ambaye iliwabidi wamwinamishe ili aingie kwenye fremu. Wote wametoweka kama walioitwa kuosha vyombo.

"Kwenye kamera je?" Kiherehere aliuliza, sauti imepungua.

"Kadi ya kamera niliifuta jana jioni ili nikapige picha za sherehe. Nilikwisha kuziingiza humu! Niliziona kwa macho haya haya!" Shangazi alijigusa macho, kana kwamba yenyewe nayo yangekuwa yamehama.

Simu ikaita. Mwalimu mkuu. Shangazi alimwambia picha zinakuja. Akakata simu, akampigia fundi.

Fundi wa kompyuta wa mtaa ule aliitwa Dakika Mbili. Si kwa sababu alikuwa na haraka, bali kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Alikuja na mkoba mgongoni na funguo nyingi kiunoni, zikilia kama kengele ya ng'ombe wa mbele wa kundi.

"Shikamoo, fundi," Kiherehere akasema.

"Marahaba. Nipisheni. Dakika mbili tu."

Akakaa, akavunja vidole, akaangalia skrini kama daktari anayeangalia ulimi. Kisha akauliza swali la kwanza, na swali lenyewe lilikuwa zuri: "Kuna mtu amegusa waya huko chini?"

Shangazi akamgeukia Kiherehere. Malkia akamgeukia Kiherehere. Hata yule mteja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya pazia, mzee mmoja mwenye tai fupi, naye alichungulia.

Sasa hapa ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Lakini Kiherehere aliona kamera ikimpungia mkono kwaheri. Na tena, aliwaza, waya si zimerudi zote? Waya iliyorudi ina kosa gani?

"Hakuna," akasema. Uongo wa kwanza ulikuwa mwepesi. Huu alilazimika kuusukuma kwa ulimi kama tonge kavu.

"Sawa," fundi akasema. "Kama waya hazijaguswa, basi tatizo ni diski yenyewe. Inakula picha."

"Diski inakula picha?" Shangazi akashika kiuno.

"Inazeeka, mama. Kuna mahali imeoza. Ngoja niipime. Dakika mbili."

Akaanza kuipima, na kupima huko kulikwenda polepole, mstari mweupe ukitambaa kwenye skrini kama konokono aliyekula akashiba. Shangazi alikwenda mbele ya pazia kumpiga picha mzee wa tai fupi, akarudi, konokono yuko palepale. Akaenda kumtafutia mama mmoja bahasha, akarudi, konokono amesogea unywele. Simu ikaita. "Ndiyo, mwalimu. Zinakuja, mwalimu. Tunazimalizia." Akaiweka simu mezani kwa nguvu, kisha akaichukua haraka kuangalia kama haijavunjika.

"Tupigwe tena," Malkia akasema, machozi yameanza kukusanyika. "Mama, chukua kamera tukapigwe tena."

"Nimpige nani? Leo Jumamosi. Nusu ya darasa wanaishi ng'ambo ya mto. Nikawagongee mlango mmoja mmoja, 'samahani, naomba uso wako'?"

"Kwa hiyo sitafanya mtihani?"

Shangazi alimvuta binti yake akamkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampiga fundi begani. "Wewe! Ikoje?"

"Haina ugonjwa," fundi akasema, naye sasa amekunja uso. "Ajabu. Diski nzima, haina doa. Lakini picha hazimo."

"Kama haina doa zimekwenda wapi?"

"Ndiyo maana nimesema ajabu, mama. Nipe nafasi, unanipumulia shingoni."

Kiherehere alikuwa amesimama kando ya printa akisokota ncha ya tambara. Kila alipomtazama Malkia, aliyageuzia macho kwenye ndoo. Hakujua kama waya zake ndizo zilizofanya. Alijipa moyo kwamba sizo. Lakini pale kwenye skrini kulikuwa na maneno madogo yanayojirudia, na kiherehere chake hakikuweza kunyamaza hata katika msiba.

"Fundi, hii *sdb1* ni nini?"

Fundi, kama mafundi wote, alipenda kuulizwa. Akageuka nusu. "Hilo ni jina. Mashine za aina hii haziiti diski kwa majina ya kibinadamu. Hizo herufi mbili za mwanzo, *s* na *d*, chukulia ni kama kusema 'diski'. Herufi ya tatu inasema diski ya ngapi: ya kwanza *a*, ya pili *b*, ya tatu *c*. Na hiyo namba ya mwisho ni chumba. Diski moja unaweza kuigawa vyumba vyumba, kama nyumba ya kupangisha. Chumba cha kwanza moja, cha pili mbili."

"Kwa hiyo *sdb1* ni chumba cha kwanza cha diski ya pili."

"Umepata. *Sda* ni ile iliyomo ndani ya kompyuta. *Sdb1* ni picha za shangazi yako. *Sdc1* ni akiba. Nilimwandikia hivyo mwenyewe: ukibonyeza *Picha*, mashine inakwenda *sdb1*, ukibonyeza *Akiba*, inakwenda *sdc1*."

"Na hizo herufi zimeandikwa kwenye visanduku?"

"Aa, wapi! Kisanduku hakijui kinaitwaje. Mashine ndiyo inayogawa herufi kila inapoamka. Inaangalia matundu yake, inauliza: nani yupo? Wa kwanza kuonekana anapewa *a*, anayefuata *b*, anayefuata *c*. Ni kama foleni ya zahanati. Leo wewe ni mgonjwa wa pili, kesho ukikaa sehemu nyingine unakuwa wa tatu. Nesi akisema 'wa pili achomwe sindano', anachomwa mtu mwingine kabisa, tena hata haumwi." Akacheka peke yake. "Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni waya. Zikibadilishana matundu, foleni inabadilika na majina yanahama. Lakini hapa hazikuguswa, kwa hiyo *b* ni yuleyule."

Kiherehere aliacha kusokota tambara.

Matundu. Hii hapa, ile pale. Alijaribu kukumbuka ile waya ya kushoto ilichomoka tundu lipi, akaona giza tupu.

"Mama," fundi akamwita Shangazi, "mara ya mwisho kubonyeza *Nakili* ilikuwa lini? Ile ya kupeleka picha kwenye akiba."

Shangazi akaangalia dari. "Si... wiki ile. Siku ya yule mtoto wa meno."

"Asiye na meno," Malkia akasahihisha huku akivuta kamasi.

"Basi kwenye akiba hakuna la kutafuta, darasa lilipigwa picha baadaye. Sikiliza ninavyofanya. Hii diski siiamini tena. Leo imekula darasa, kesho itakula zote. Kwanza naokoa kilichobaki. Nanakili kila kilichomo *sdb1* kwenda *sdc1*. Kisha ndipo nitafute hizo zilizopotea."

"Na zile za zamani zilizomo kwenye akiba?"

"Zitafanana na hizi. Chochote ambacho hakimo *sdb1* mashine itakifuta kule *sdc1*, ili pande zote mbili ziwe sawasawa. Ndivyo *Nakili* inavyofanya kazi. Dakika mbili." Akaanza kuandika.

Kichwa cha Kiherehere kilikwenda mbio kuliko kilivyowahi kwenda katika somo lolote la hesabu. Kama visanduku vimebadilishana foleni, basi hii inayoitwa *sdb1* leo ni ile ya akiba. Ndiyo maana inakomea kwa mtoto asiye na meno! Na picha za darasa ziko salama kwenye ile nyingine, inayoitwa *sdc1*. Hazijaliwa na mtu. Zitaliwa sasa hivi, pale fundi atakapobonyeza enta.

"Fundi," akasema.

"Mm."

"Kwa mfano. Kwa mfano tu. Kama paka amepita huko chini akachomoa waya."

Vidole vya fundi vikasimama. "Mna paka?"

"Hatuna paka," Shangazi akasema kutoka mlangoni.

"Paka wa jirani."

"Jirani anauza mbao. Ana mbwa, naye amefungwa. Kiherehere, ondoka hapo mwachie fundi afanye kazi."

Fundi akageukia skrini, akamalizia kuandika. Kidole chake cha kati kikainuka. Kidole hicho kilikuwa kinene, chenye kovu la kuungua kwenye ncha, na Kiherehere hatakisahau mpaka atakapokuwa bibi kizee.

"Usibonyeze!" Alipiga ukelele mpaka mzee wa tai fupi, aliyekuwa anasubiri picha yake huku akijitazama kwenye kioo, akadondosha kitana. "Hakuna paka! Ni mimi! Nilichomoa mimi, zote mbili, maji yalikuwa yanakwenda, nikazirudisha, sijui ipi ilikuwa wapi! Picha za kina Malkia zipo kwenye *c*! Usibonyeze, fundi, nakuomba!"

Kidole cha fundi kilikuwa bado kinaelea. Alikirudisha polepole, akakiweka mapajani, akakifunika kwa mkono wa pili kama mtu anayemshika mtoto asikimbilie barabarani.

"Ulisema hazikuguswa," akasema.

"Nilidanganya."

"Nilikuuliza mimi."

"Nilikudanganya na wewe."

Fundi alifungua *sdc1*. Picha zikaanza kujipanga, safu moja, safu mbili. Mwisho wake, wakiwa wamevaa sare na wametulia kama hakuna lililotokea, kulikuwa na darasa zima la mtihani: kiranja, yule mrefu aliyeinamishwa, na Malkia, macho yametolewa kama chura.

"Niko hapa!" Malkia akaruka. "Mama, niko hapa! Mbona nimekaa hivi? Mama, hii usiipeleke!"

"Inakwenda hivyohivyo," Shangazi akasema, akajikalisha juu ya katoni la karatasi. "Chukua hiyo flashi. Fundi, mwekee. Malkia, kimbia. Usisimame kwenye kioo chochote njiani."

Picha zikaingizwa kwenye flashi, Malkia akaondoka mbio, na haukupita muda mrefu simu ikaita. Shangazi aliitazama kama nyoka kabla ya kuipokea. Mwalimu mkuu alisema picha zote zimefika, zimehesabiwa, hakuna aliyekosekana, na kwamba yule binti aliyezileta ameomba yake irudiwe na amekataliwa.

Shangazi akaweka simu chini. Akanyoosha kidole kwenye kigoda cha wapigwa picha. "Kaa."

Kiherehere akakaa. Alijua kukaa pale maana yake nini. Kigoda kile kinamtoa mtu sura yote.

"Maji kumwagika, sina neno," Shangazi alianza, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo ni baya zaidi. "Kuokoa diski zisilowe, tena nakushukuru. Hata kuchanganya waya, hukujua, ningekugombeza kidogo tukaendelea. Lakini nilikuuliza asubuhi. Ungesema, 'Shangazi, nimezichomoa', tungempigia huyu simu, angesema badilisha matundu, basi. Saa hizi tungekuwa tunakunywa chai. Badala yake umemkalisha mtu hapa anatibu mguu wakati kinachouma ni jino. Unajua kilichotaka kufuta zile picha? Si waya. Ni neno 'hakuna'."

"Nisamehe, Shangazi. Niliogopa kuikosa kamera."

"Kamera utaisubiri. Shule zikifunga, wewe utakuwa unafuta vumbi, na utakuwa unaniambia kila ulichogusa, hata kama ni nzi. Nikikuamini tena, tutaizungumza. Lakini..." Hapa Shangazi alisita, kwa maana hakupenda kusifu watu waliokaa kwenye kigoda. "Ulipiga kelele kabla hajabonyeza, hukusubiri baada. Hilo nimeliona."

Kiherehere akafuta pua kwa kiganja. Ilimuuma, lakini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na la kuficha.

"Msikilize sana shangazi yako," Dakika Mbili akadakia kutoka kwenye kompyuta, akiwa ameshapata nguvu. "Kazi yetu hii ni ya ukweli mtupu. Mashine haidanganyi, na anayeishika naye asidanganye. Mimi tangu nianze ufundi, mteja hajawahi kunisikia nikisema jambo ambalo silo."

"Unafanya nini hapo sasa?" Shangazi akamuuliza.

"Nairekebisha isitokee tena. Unaona, kila chumba cha diski kina namba yake ya kudumu, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika. Inapewa siku chumba kinapotengenezwa. Hii haijali foleni. Chomeka tundu lolote, hata diski uitundike darini, namba ni ileile. Nafuta hapa *sdb1* na *sdc1*, naandika namba zao. Kuanzia leo waya zihamehame zitakavyo."

Shangazi akainuka kwenye katoni, akasogea mpaka nyuma ya bega lake. "Kwa hiyo dawa ilikuwepo?"

"Ipo, mama."

"Mbona hukuiweka siku ile uliponifungia mashine hii?"

Dakika Mbili akakohoa. "Siku zile, mama... siku zile hizi namba zilikuwa bado hazijaletwa. Ni mambo ya juzijuzi. Zimeanza mwaka huu."

"Ahaa." Shangazi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa tayari kumshukuru.

Kiherehere, pale kwenye kigoda, alikuwa akiiona skrini kupitia pazia lililobaki wazi. Aliona mistari mitatu. Miwili ya chini ilikuwa mifupi, yenye yale majina ya foleni, *sdb1* na *sdc1*, fundi alikuwa bado hajaifikia. Wa juu ulikuwa mrefu kama treni.

"Fundi," akasema, "naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Huo mstari wa juu ni wa diski gani?"

"Huo ni wa ndani. Ile *sda*."

"Lakini haujaandikwa *sda*. Una namba ndefu. Umeubadilisha sasa hivi?"

"Huo sijaugusa. Huo mashine huuandika yenyewe."

"Huuandika lini?"

"Siku ileile ya kuifunga," fundi akasema, kwa raha ya mtu anayejua kazi yake. Kisha masikio yake yakasikia mdomo ulichosema. Mikono ikabaki juu ya kibodi, haibonyezi wala haiondoki.

Shangazi aliutazama ule mstari mrefu. Akaitazama ile miwili mifupi. Akamtazama fundi kisogoni, muda mrefu, mpaka kisogo chenyewe kikaanza kutoka jasho.

"Kiherehere," akasema taratibu, "ondoka kwenye kigoda. Mpishe fundi akae."